Njia Iliyomchukua Pheello

Ha Ramokoatsi, 11 Machi 2001

Mpendwa Nthatisi,

Amani kwenu nyumbani. Huku nimeamka salama, ila midomo imepasuka kwa baridi na punda wa kukodi ameikalia miguu ya kamera. Goti la Bibi linaendeleaje? Na wewe, bado unajificha jikoni wageni wakija?

Nakutumia tepu sita kwa mkono wa dereva wa lori la sufu. Bonde hili litafunikwa na maji ya bwawa kuanzia Oktoba, nami napita nyumba kwa nyumba kabla watu hawajahamia juu. Tepu ya nne ni ya mjane mmoja, Mama Pheello, mwenye nyumba ya mwisho kule chini. Yeye ndiye filamu yenyewe. Nilijua alipofungua mlango tu. Lakini maneno yake sikuyasikia vizuri, upepo ulinijaa masikioni, na akili yangu yote ilikuwa kwenye mwanga uliomkaa usoni.

Andika yote wanayosema, kisha uyageuze Kiingereza kwa ajili ya maandishi ya chini ya picha. Wewe ndiye sikio langu.

Mwisho wa kila tepu utakuta dakika nzima watu wamekaa kimya. Usiiruke. Sababu nitakueleza.

Shangazi yako,
Keneuoe


Maseru, 29 Machi 2001

Shangazi mpendwa,

Tumepokea salamu zako na tepu zote sita, zikinuka kondoo. Bibi anasema goti ni zima, linalalamika tu kama mwenyewe. Baba hajambo. Mimi pia sijambo na ndiyo, bado najificha jikoni.

Kazi naifanya nikitoka shule, kitandani, blanketi kichwani, tubaki mimi na sauti. Naona haya kusema hili, ila kwenye karatasi naweza: nawapenda watu wako wa tepu kuliko walio mbele yangu. Hawaniulizi kitu. Mama Pheello akikohoa, nami nakohoa. Jana mwalimu kaniita mara mbili darasani sikusikia, nilikuwa bado bondeni kwenu, nimekaa kizingitini kwake, mawingu yakipita chini ya miguu yangu.

Ukurasa wake nimeuweka juu kabisa. Sentensi moja imenitoa machozi: "Barabara ya migodini ilimchukua mwanangu. Sikupata hata kofia yake."

Kimya chake lakini si kimya. Kuna mvumo, kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili. Nimeandika "kasoro ya tepu". Na kwa nini unarekodi watu wasiosema kitu? Ungeniambia tu, ningekupa kimya cha mwaka mzima.

Mtoto wa kaka yako,
Nthatisi


Welkom, 20 Aprili 2001

Nthatisi wangu,

Amani. Mimi ni mzima, vumbi la huku tu ndilo linalonikohoza. Mwambie Bibi nimekula leo, asianze.

Umeuliza kuhusu kimya. Kila chumba kina cha kwake. Nikikata maneno ya mtu na kuyaunga upya, mahali nilipokata panabaki shimo, na shimo hilo huwezi kuliziba kwa kimya cha chumba kingine. Sikio linajua.

Sasa sikiliza. Ile sentensi yako niliisoma nimesimama kituo cha basi, na basi likaniacha. Kazi nyingine zote nimeziweka kando. Nipo huku migodini, napita bweni kwa bweni nikimuulizia Pheello, aliyetoka Ha Ramokoatsi zamani na kofia kichwani, hakurudi. Kabla maji hayajafika nataka mama na mwana wakae kizingiti kimoja, mara moja tu, nami nikiwa nyuma ya kamera nikilia bila kutikisika.

Nimemtuma mwalimu wa kijiji amwambie Mama Pheello kwamba namtafuta mwanawe. Naambiwa aliposikia alishika ukuta.

Shangazi yako,
Keneuoe


Maseru, 6 Mei 2001

Shangazi,

Hatujambo wote. Asubuhi barafu imeanza kukamata ndoo. Bibi anakusalimu. Mtihani wa hesabu nimepata wastani.

Nilikuwa nauliza, ukimkosa utaacha? Labda uache mapema. Watu wengine huenda hawapo kabisa mahali tunapowatafuta.

Sina zaidi.

Nthatisi


Welkom, 27 Mei 2001

Nthatisi!

Amani, amani mara mia. Barua yako ilikuwa fupi kama risiti, unaumwa? Kama unaumwa, pona leo, kwa maana nimempata!

Anaitwa Pheello. Ana miaka arobaini na miwili, anaendesha winchi ya kushushia watu chini. Alikulia mikononi mwa watu, anajua tu kwamba alizaliwa milimani. Nilipomwambia kuna mama bondeni anaongea juu ya kofia, aliniuliza, "Dada, anapika nini, huyo mama?" Sasa amenunua shati. Kila jioni ananionyesha, kana kwamba sijaliona jana.

Tunaondoka tarehe kumi na nne Juni. Namba ya simu ya nyumba ya wageni nimeiandika nyuma ya bahasha, endapo Bibi atataka kunigombeza.

Shangazi yako mwenye furaha,
Keneuoe


Maseru, 1 Juni 2001

Shangazi,

Sisi ni wazima. Wewe ukimaliza kusoma hutakuwa mzima, na nisamehe nakuandikia badala ya kusema. Ile namba niliipiga mara tatu. Mwanamke akipokea, "Halo, nani?", nakata. Mara ya tatu akasema, "We unayepumua hapo, wazazi wako wanajua?" Basi nimekimbilia kalamu.

Usimpeleke huyo mtu.

Neno "migodini" halimo kwenye tepu. Nimesikiliza labda mara arobaini. Nililitia mimi. Nilijiambia Mama Pheello kasahau kulisema na mimi namsaidia. Huo nao ni uongo. Nililitia kwa sababu sentensi ilipendeza nalo, na nilitaka ulie. Yeye alisema hivi tu: "Mwanangu alichukuliwa na njia."

Na si njia, Shangazi.

Tarehe tatu Mei nilikuwa nasikiliza jikoni, Bibi anachambua maharage. Mama Pheello akasema, "Mwaka ule njia ilijaa, ikatoka mahali pake."

"Njia gani hiyo inayojaa?" Bibi akauliza.

"Ya watu, Bibi. Walikuwa wengi."

"Ikatoka mahali pake ikaenda wapi, dukani? Hebu rudisha nyuma."

Nikarudisha. Mama Pheello akasema kila asubuhi hushuka njiani na ndoo yake. Bibi akaweka maharage chini.

"Wewe msomi, mtu akiteka njiani anateka nini? Lami?"

Nikasema sijui, labda bomba liko karibu na njia.

"Bomba! Kaolewa boma la nani, mwanamke huyu?"

Nikapekua karatasi zangu. Jirani yake, kwenye tepu ya tatu, anasema boma lile ni la mzee Noka, baba wa marehemu mumewe.

Bibi akacheka hadi akashika goti. "Noka! Mkwe wake anaitwa Mto, na wewe unataka mwanamke mwenye heshima zake amtaje mzee kinywani kila akienda kuteka maji? Tangu siku ya harusi mto kwake ni njia. Wake walioolewa boma la Noka, wa kwanza hadi wa mwisho, wote ni njia, njia. Wanakufundisha lugha mbili huko shuleni na zote mbili umezikalia!"

Kisha akaacha kucheka, ghafla, kama mtu kamziba mdomo. Akaniambia nirudishe pale pa kofia. Tukasikiliza wote wawili, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Hakwenda popote, Shangazi. Yuko pale pale bondeni.

Desturi hiyo ya mke kutotaja jina la mkwe naijua. Imo kwenye kitabu chetu cha shule, na nilipata alama zote kwenye swali lake. Sikudhani kuna mtu anayeishi nayo mdomoni.

Barua ya tarehe sita Mei niliiandika nikiwa najua haya yote. Nilisema wastani wa hesabu. Siku tatu nilikuwa nimeyaficha, halafu zikawa wiki, na kila siku uliyokuwa ukigonga milango huko ni mimi niliyekutuma. Ningeweza kusema ni haya zangu. Haya ninazo, lakini hizi hazikuwa haya. Nilikuwa naogopa usingeniita tena sikio lako.

Sina la kujitetea.

Nthatisi


Ha Ramokoatsi, 30 Juni 2001

Nthatisi,

Amani. Bibi hajambo? Theluji imetufungia juu, ndiyo maana barua itachelewa. Lakini nisikufiche, ningeweza kukuandikia toka Welkom. Nilikuwa na hasira, na maneno ya hasira yakishaondoka huwezi kuyakata ukayaunga.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya safari. Nilimsomea Pheello akiwa amekalia sanduku lake. Alipapasa kola ya shati, kisha akasema, "Basi yeye kakosa mtoto na mimi nimekosa mama. Lakini likizo nimeshapewa. Twende hivyo hivyo." Tukaja. Kanibebea kamera njia nzima.

Tulimkuta Mama Pheello ukingoni mwa maji, si nyumbani. Majirani wanasema tangu mwalimu alipompelekea ujumbe wangu, anashuka kila asubuhi. Magotini alikuwa na blanketi jipya, halijaondolewa karatasi. Alikuwa ameelewa kwamba nimekwenda mjini kutafuta watu wa kuzamia majini, Nthatisi. Blanketi lilikuwa la kuifungia mifupa.

Kamera sikuitoa. Nilipiga magoti kwenye mawe nikamwambia yote, neno lako na langu, kwa kuwa kusikia ilikuwa kazi yangu kabla haijawa yako.

"Kwa hiyo mwanangu mmemtafuta wapi?"

"Welkom, mama."

"Welkom!" Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. "Mtoto aliyeogopa hata pango la mbuzi! Wamemtafuta chini ya ardhi!" Alicheka akafuta macho kwa ukingo wa karatasi ya blanketi. Kisha akasema taratibu, "Alipopotea walimtafuta siku mbili. Mvua ikarudi, wakaenda kwao. Miaka ishirini na mitatu. Nyinyi angalau mmemtafuta miezi."

Akamwona yule bwana nyuma yangu. "Na huyu?"

"Naitwa Pheello, mama," akajibu mwenyewe, kofia mkononi.

"Hilo si kosa lako. Njoo ule."

Alikula mboga za moroho na ugali sahani tatu. Amemkatia kuni za mwezi mzima.

Sasa kuna jambo. Jana Mama Pheello aliniuliza, "Wakishalifunga bonde, njia itaendelea kuongea?" Nikamwambia ukweli, maji ya bwawa hukaa kimya. Akasema, "Basi nitamsikilizia wapi?"

Nikakumbuka karatasi yako. Kasoro ya tepu.

Nyumba yake mpya ya bati iko juu kwenye upepo, na ina redio ya kaseti. Mtengenezee kaseti ya mvumo ule. Na ile sentensi irekebishe wewe mwenyewe, sitaigusa. Ila kaseti usimpe dereva wa lori. Shule zimefungwa. Ilete wewe.

Shangazi yako bado,
Keneuoe


Maseru, 15 Julai 2001

Shangazi mpendwa,

Amani kwako, kwa Mama Pheello na kwa mkata kuni. Goti la Bibi limesema kutakuwa na theluji tena, kwa hiyo kanifungia mablanketi mawili na maandazi ya kulisha lori zima. Naondoka kesho asubuhi. Barua hii naituma leo kwa basi, maana nikifika najua sitayasema haya.

Kaseti imekamilika. Dakika ya Mama Pheello ni moja tu, nimeirudia thelathini kila upande. Pale inapoungana na nyingine nimejaribu kupaficha. Nimeshindwa, kwa sababu katikati ya kila dakika anakohoa mara moja. Nilitaka kukitoa kikohozi. Bibi akanizuia: "Muache. Atajua ni kwake."

Nimeisikiliza yote, dirisha wazi, jua likitembea ukutani. Si kukaanga. Nashangaa niliwezaje kudhani hivyo. Inakuja kutoka mbali, inapita chini ya nyumba, chini ya kitanda changu, inaelekea mahali bila haraka. Nilisinzia ndani yake. Nilimwona mtu anavuka, kofia kashika juu isilowe. Sikumwita.

Sentensi nimeiandika hivi kwa Kiingereza: "Mto ulimchukua mwanangu. Sikupata hata kofia yake." Niliogopa namvunjia heshima ya miaka yote hiyo. Bibi akasema, "Mzee Noka Kiingereza hakusoma. Andika." Lakini sauti yake sijaigusa. Juu atasema njia, chini patasomeka mto, na wanaojua lugha zote mbili wataona alichokuwa amebeba.

Shangazi, nikifika mlangoni kwake maneno yataniishia, unanijua. Kuomba radhi nimefanya mazoezi mbele ya Bibi nikaishia "shikamoo". Basi nitampa kaseti kwa mikono miwili, nikae pale alipokaa kwenye tepu, na tusikilize mimi na yeye dakika nzima wakati mto bado upo.

Ukituona, usituwashie kamera.

Mwanao wa kwa kaka,
Nthatisi