Mdomo wa Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Meno yangu yote yamo. Umri huu, na yote yamo! — Haya, uongo. Machache yamo mdomoni, mengine yamo kwenye historia. Lakini haya yaliyobaki leo yamepanda cheo. Yamekuwa ya kufundishia.

Mjukuu wangu amemaliza chuo cha wasaidizi wa daktari wa meno. Amepata kliniki ya kumjaribu, ila ajira bado. Kwanza Daktari auone mkono wake. Basi anatafuta mdomo wa mazoezi nyumbani. Bibi yake amekataa katakata, eti wake una kazi. Kweli. Haujapumzika tangu nimwoe.

Kwa hiyo mimi. Kiti cha jikoni, kichwa nyuma, tochi ya simu usoni. Kijiko ndicho kioo. "Babu, panua. Panua zaidi. Babu, hapo ndiyo umepanua?" Nikamwambia, mke wangu mdogo, nikizidisha hapa utaona nilichokula jana.

Jumatano, 5 Machi

Sasa nimeielewa kazi yenyewe. Daktari anachimba, msaidizi anashika mrija wa mashine, anafyonza mate ili mgonjwa asizame. Shule yote ile — mate! Hakupenda nilivyocheka. Akasema daktari bila msaidizi ni mtu mwenye mikono miwili tu. Nikaacha kucheka. Jambo la nadra hilo.

Mashine hatuna. Akisema "Nyonya!" — ndivyo Daktari anavyoamuru — mashine ni mimi. Nafunga midomo, navuta. Fyuuuu! Kila mara. Bibi yake akauliza toka chumbani nani ameacha bomba wazi.

Jumamosi, 8 Machi

Gego la nyuma linanichoma. Limeoza, anasema mjukuu, ameliona kwa kijiko. Kumbe kweli amesoma! Akafurahi, kisha akaona haya kufurahia jino bovu la babu yake. Siku ya kujaribiwa anatakiwa aje na mgonjwa wake, naye hakuwa naye. Sasa anaye. Sharti moja tu: pale kliniki nisimwite mke wangu. Nisimwite chochote.

Jumanne, 11 Machi

Balaa.

Kiti kinapanda chenyewe, miguu juu, kichwa chini, kama wananimwaga. Mjukuu ndani ya koti jeupe, barakoa mpaka machoni. "Karibu, Mzee." Mzee! Nikamjibu, "Asante, Sista," tumbo likiniuma kwa kuzuia kicheko.

Na anaweza, jamani. Vyuma anavipokeza kabla havijaombwa. Daktari akaingiza kioo, kidole nyuma yake, akatazama, akasema: "Nyonya."

Alikuwa anamwambia mjukuu.

Midomo yangu haikungoja ufafanuzi. Fyuuuu! — kioo, kidole, vyote, kwa nguvu zangu zote. Daktari akaruka. Glavu ikavutika kama mpira wa manati, ikamrudia pwaa!

"Mzee, unafanya nini?"

"Si umesema ninyonye?"

Halafu Daktari akamgeukia mjukuu, si mimi. Nani amemfundisha mgonjwa hivi?

"Mimi, Daktari," sauti iko chini kabisa. "Ni babu yangu."

Angeweza kunikana. Mimi ningemkana, tena mapema!

Daktari hakufoka. Heri angefoka. Alisema taratibu kwamba msaidizi anayemchanganya mgonjwa ni hatari. Gego litang'olewa Alhamisi, na mjukuu ndiye atakayesaidia. Mambo yakienda sawa, anaajiriwa. Mgonjwa akishtuka tena kwenye kiti, anatafutwa msaidizi mwingine.

Mgonjwa ni mimi.

Jumatano, 12 Machi

Mjukuu hacheki. Nimemtania kwenye chai, yeye anakoroga sukari tu. Bibi yake ameniambia kesho niuache mdomo wangu nyumbani. Nikamwambia ndio hasa unaotakiwa.

Jioni nimemchungulia mjukuu jikoni. Amesimama mbele ya kiti kitupu, anapokeza kijiko hewani. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Nikarudi kwa kunyata.

Alhamisi, 13 Machi

Niko kwenye kiti. Sindano ya ganzi imeshaingia. Sikushtuka! Nilifumba macho nikalitukana gego kimoyomoyo, matusi ya zamani, yale mazuri. Daktari ametoka kidogo, anangoja ganzi ishike.

Mjukuu anapanga trei. Leo ananiita Babu mbele ya watu, lakini bado hacheki. Koleo amelifunika kwa kitambaa nisilione. Nimeliona. Ni la kung'olea misumari lile!

Nimejaribu kumwambia jambo, mdomo umetoa "mbwa mbwa mbwa". "Unasemaje, Babu?" Mbwa mbwa. Midomo si yangu tena, ulimi umekuwa wa mtu mwingine, mnene. Daftari hili lilikuwa mfukoni, ndimo ninamoandika. Miguu inacheza yenyewe. Naikandamiza, inacheza. Mwandiko nao ndio huu, kama kuku amepita. Hivi nikilisikia lile koleo, nitatulia kweli?

Viatu vya Daktari hivyo, koridoni.

Namgeuzia mjukuu ukurasa:

Mjukuu wangu. Mdomo wangu umeutumia wiki nzima na asante sijaisikia, kwa hiyo nakudai. Mikono yako ina kazi, najua, siitaki. Lakini koti lako lina pindo. Sogea kidogo upande huu, nilishike.