Shujaa Aliyelala Nje

"Mtoto wa miaka saba haelewi vita, usimjaze huzuni." Ndivyo baba yako alivyoniambia kwenye simu, mjukuu wangu Kendi, nami namkatalia. Umeniuliza kama mwanajeshi anayeua adui ni mtu mbaya. Mtoto anayeuliza hivyo ameshaelewa mengi.

Huku Kibirichia tu wazima. Viazi tumechimba, na goti la nyanya yako limepata nafuu.

Nilipokuwa na umri wako, wezi wa mifugo walituvamia. Vijana waliwafuata hadi nyikani, wakarudi na ng'ombe. Mjomba wangu Muriungi alikuwa ameua mtu, na kijiji kizima kilimwimbia. Desturi yetu ilitaka aliyeua, hata akiua adui, alale nje mpaka wazee wamtakase. Siku hiyo hakuna aliyetaka kuikumbuka, isipokuwa mama yake. Alisimama mlangoni, akamzuia.

"Mama Muriungi, shujaa unamfungia nje kama mbwa?" jirani alimkejeli.

"Mama, nimeua adui tu," mjomba alisema.

"Huyo adui naye ana mama anayemngoja. Kaa hapo, nitakuletea chakula."

Alimletea, akaketi naye kwenye baridi, akalia. Alimpenda mwanawe, lakini hakumsifu. Tangu siku hiyo nimesikiliza wanasiasa na wahubiri wengi wakizungumzia vita, na karibu wote wanaimba tu kama kijiji kile.

Nawe Mutuma, unayemsomea binti yako barua hii, usiruke mstari hata mmoja. Mjibu swali lake leo, kwa mdomo wako mwenyewe.