Shokapu Uliyoipima kwa Shibiri

Mjukuu wangu Saidi,

Leo sikuiti mume wangu. Mume mwenye akili hapimi shokapu za pikipiki kwa shibiri. Umenunua kitu cha kubeba roho ya mkeo kama anayenunua kitambaa cha suruali, kisha unanitumia picha na kuniandikia kwa majivuno, "Bibi, nimepima tundu kwa tundu, zimelingana na zile za zamani." Zimelingana urefu. Nani alikwambia urefu ndio unaobeba?

Asalaam alaikum. Mimi mzima, mguu ni uleule. Hapa kisiwani, Ambondrona kwa shangazi yako, tunafua mashuka ya hoteli mpaka vidole vinakunjamana, lakini tunakula. Natumaini hapo nyumbani Mangarivotra nanyi wazima, na mimba ya mkeo imetulia. Mwandiko wangu mbaya, sikusoma. Msomee mkeo polepole, asikie yote.

Picha yako nimeitazama siku tatu. Mkeo amekaa nyuma, anacheka. Taa ya mbele inatazama mbinguni, mkia umelala. Na pale ukingoni mwa madigadi, juu ya tairi, pana mstari unaong'aa, rangi imekwanguka. Wewe hukuuona. Mimi niliuona nikaweka chini shuka la watu.

Mstari ule naujua.

Babu yako alikuwa muuza nguo, na sisi watu wa nguo tunaamini shibiri kuliko macho. Pikipiki ni hiyohiyo uliyoirithi. Shokapu zake zilipoanza kuvuja mafuta alitafuta nyingine sokoni, akazilaza juu ya meza ya vitambaa, shibiri na vidole vitatu, sawasawa. Nikamwambia, "Mzee, hizi zimetoka kwenye kipikipiki chembamba." Akanijibu, "Wewe kaa nyuma ushike mzigo." Nikakaa, nikashika mzigo. Mstari niliuona asubuhi ile nikifuta vumbi, nikanyamaza kwa kuwa nilikuwa nimenuna. Kwenye mteremko kabla ya Ambanja springi zililala mpaka mwisho, madigadi ikauma tairi, gurudumu likasimama, sisi tukaendelea. Mguu wangu unaujua. Babu yako tunamsomea hitima. Nyinyi niliwaambia ni shimo la barabara. Shimo halikuwepo.

Jana nilimpelekea picha fundi wa pikipiki za hoteli, mtu asiye na maneno mengi. Akauliza, "Bibi, huyu anakwenda mbali?" Nikamwambia anakuja huku, mpaka kwenye boti kwa pikipiki hiyo, yeye na mkewe, na sufuria mbili kubwa za hitima, na gunia la mchele. Akanirudishia picha. "Mwambie asije."

Sikumwachia. Nikasimama pale na fimbo yangu mpaka akanieleza. Springi huchaguliwa kwa uzito wa watu pamoja na mzigo wao. Mkishakaa wote wawili na mzigo umefungwa, shokapu ilale theluthi ya mwendo wake, ibaki nafasi ya kupokea mashimo. Ikilala yote kabla hamjatoka uani, hiyo si yenu. Utafute za pikipiki nzito kama hiyo, mbili kwa pamoja, na usiangalie rangi. Wewe ulipima ukiwa peke yako, tumbo tupu.

Sufuria nilikuagiza mimi. Hilo nalo nalijua, usinikumbushe.

Shangazi yako anawasalimu. Nisalimie mama yako, na yule mshonaji jirani anayenidai maneno, na mwalimu wa chuoni, umwambie hitima iko palepale hata tukipika katika sufuria za kuazima. Mkeo mpe salamu zake peke yake.

Ni mimi bibi yako, niliyekaa nyuma nikanyamaza.

Sasa inuka. Shokapu hizo zifungue zote mbili leo, mkeo azifungie sandukuni na ufunguo akae nao yeye. Sufuria na mchele vije na boti ya mizigo. Aliyekuletea barua hii nimemwambia asiondoke mlangoni mpaka azione shokapu zimelala chini kwa macho yake, na ana safari yake, kwa hiyo usimpikie chai. Shika spana.