Usije Kuomba Radhi kwa Ajili ya Kompyuta

Mandawa, Ruangwa
Mwezi wa saba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikitumaini goti lako limepata nafuu na unafika shambani bila kushikwa mkono. Mama yangu, dada yako, anasemaje juu ya kikohozi chake? Aliniahidi angekwenda hospitali ufuta ukishavunwa, na najua huko Mkotokuyana mmeshavuna, kwa hiyo sijui kama aliniahidi kweli au alitaka ninyamaze. Mkaza mjomba hajambo? Mimi mwili mzima. Nakula, nalala, ingawa usingizi siku hizi ni wa kuvizia.

Sikupigi simu kwa sababu unapoongea na simu unaiweka sauti ya nje, na nyumba nzima inasikiliza pamoja na majirani. Hili sitaki lisikike na watu wote. Barua nimempa dereva wa lori la ufuta linalokuja Nachingwea. Ameahidi kuiacha dukani kwa binamu Neema.

Jambo lenyewe ni ile kompyuta uliyoniundia. Mkuu wa shule huenda akakupigia akutake uje huku Ijumaa ijayo, na nataka maneno yangu yakufikie kabla ya yake. Muda wangu wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi huu. Ama nitathibitishwa kuwa karani wa shule, ama nitarudi kwako na begi langu.

Nianzie mbali kidogo ili uelewe. Kompyuta ya shule ilikufa muhula uliopita, na alama za watahiniwa wa kidato cha nne zilikuwa zinatakiwa wilayani. Nikasema ninayo yangu chumbani, naweza kuileta. Hakuna aliyenilazimisha. Nilidhani mtu aliye kwenye majaribio akionekana anajitolea, hilo litahesabiwa kwake. Walimu walilicheka kasha lako la bati, wakaliita jiko la mkaa kwa sababu ya yale matundu uliyoyatoboa kwa msumari. Kila asubuhi ilikuwa, "Karani, jiko limewaka?" Lakini wote walilipangia foleni jiko hilo. Waliniletea alama zao, nikaziandika zote humo, na karatasi zao wakazitupa. Wakati huo ilikuwa inaitwa kompyuta yetu.

Lile sharti lako sikulisahau. Uliniambia windo uliyoweka, hiyo programu inayoiendesha, ni mpya kuliko mashine, kwamba wakati wa kuipiga, yaani kuiingiza humo, ilikukatalia ikisema kompyuta hii haifai, ukaizunguka, na kwamba nisiiunganishe na intaneti hata siku moja. Niliyaandika hayo kwenye kipande cha karatasi nikakibandika mbele ya kasha. Mkuu alikisoma akacheka. "Kompyuta isiyoguswa na intaneti ni ya nini, bwana karani? Si kabati hilo?"

Mwezi uliopita, shule ilipofungwa, Mkuu alikuwa na shughuli kwao Likunja. Mtoto wa dada yake alikuwa anatoka unyagoni. Wewe unajua mjomba wa mwali anavyotazamwa siku hiyo, kila mtu anataka kuona ameleta nini. Mkuu alitaka muziki wa kuwanyamazisha watu wa upande wa baba. Alipata spika na jenereta, akakosa mashine ya kupigia nyimbo. Akaja ofisini na gari.

"Naazima jiko lako siku mbili," akasema.

Nikamwambia, "Mkuu, alama zote zimo humo, na bado hazijaenda wilayani."

"Zitaondoka kwa kusikia ngoma?"

Nikamwomba basi asiruhusu mtu aiunganishe na intaneti. Akasema sawa, huku ameshalipakia. Mjomba, ningefanya nini? Yeye ndiye anayeandika kama nibaki au niondoke. Nililifunga kasha kwa shuka langu ili vumbi lisiingie, nikasimama nikiangalia gari mpaka likapotea.

Nilivyoelezwa baadaye na Mwalimu Hadija, ambaye alialikwa, shangazi za mwali walidai wimbo mmoja ambao haukuwemo. Mpiga muziki akaunganisha simu yake ili aupate. Wimbo ukapatikana, watu wakacheza, na mashine ikabaki imeunganishwa mpaka shughuli ilipokwisha. Ikajishushia yenyewe toleo jipya la windo. Jenereta lilipokaribia kuzimwa, kioo kilikuwa kinasema tafadhali usizime. Wakangoja kwa adabu mpaka kikamaliza. Hilo ndilo linaloniuma. Wangekuwa wakorofi wakazima tu, huenda tungepona.

Iliporudi haikuwaka. Nasema haikuwaka lakini taa iliwaka na feni ikazunguka. Zile nukta zinazozunguka zilitokea, kioo kikawa cheusi, kisha ikaanza upya. Nukta, weusi, nukta, weusi. Mkuu alisimama mlangoni akasema, "Kompyuta yako ina matatizo gani?" Kuanzia siku ile haijawa yetu tena.

Nilifanya yote uliyonifundisha. Nilidhani umeme wa jenereta umeunguza kitu, nikapima, umeme ulikuwa sawa. Nilichomoa rami, vile vibao vya kumbukumbu, nikazisugua kwa ufutio, nikazirudisha moja moja. Nilitoa betri ndogo ya saa ya mashine, nikaweka mpya. Nukta, weusi. Mwalimu wa hesabu alipita akaniuliza kama naifanyia maziko. Hata mimi nilikuwa najiuliza hivyohivyo.

Mwishowe nilikwenda kule mlimani mtandao unakoshika, nikasoma kwa simu mpaka chaji ikaisha. Hakuna kilichoungua, Mjomba. Lile toleo jipya linaitaka prosesa ifanye aina ya hesabu ambayo prosesa ya umri ule haikuundwa nayo. Likiiamrisha linagonga ukuta, linaanza tena. Hata ukurasa wa kujitengeneza haufunguki, kwa kuwa nao umekuwa wa toleo hilohilo. Niliiwasha kwa flashi uliyonipa, ile ya toleo la kwanza, na hapo ikafunguka. Nikachagua kuondoa kilichoongezwa. Ikafikiri sana, ikaniambia haiwezekani. Nikabaki na kitufe kimoja tu kinachofanya kazi, cha kupiga windo upya, na nilijua nikikibonyeza bila kutoa alama kwanza, watoto wa kidato cha nne nitakuwa nimewazika.

Naomba uniruhusu niseme hapa jambo ambalo sitalisema tena. Nilikukasirikia. Mashine hii ilikuwa inaendana vizuri na windo ya zamani. Ulinibadilishia kwa sababu ulisema wenzangu ofisini wangenicheka nikija na kitu cha kizamani. Wamenicheka vilevile. Ningekuwa na ya zamani ningechekwa na alama zangu zikiwa salama. Basi, nimelisema.

Nilifungua kasha, nikatoa diski, nikaifunga kwenye fulana na kuipeleka Ruangwa mjini kwa bodaboda, nikiwa nimeikumbatia kama mgonjwa. Kuna fundi mmoja pale sokoni, anaitwa Shaibu, ana duka la kuchapa na kutoa kopi. Hakuitazama hata.

"Hiyo ni kupiga windo tu, braza. Kaa hapo, kunywa soda."

"Na vitu vilivyomo?"

"Viko sehemu ya D au viko pale mbele inapofungukia?"

"Viko pale mbele."

"Basi hivyo ni marehemu, windo ikipigwa vinafutika. Pole sana."

Alishaanza kunyoosha mkono. Nikaivuta diski nyuma mpaka akashtuka. Nilimwomba asipige chochote, aichomeke tu kwenye mashine yake kama diski ya pili ili tuifungue kama flashi.

Akaniangalia. "Kumbe unajua. Sasa mimi umenifuatia nini?"

"Nimekufuatia waya," nikamwambia, na ni kweli, waya wa ziada sikuwa nao.

Akacheka, akachomeka. Mjomba, ilifunguka. Alama zote zilikuwemo, kila mtoto na jina lake. Nilizinakili kwenye flashi, nikanakili tena kwenye flashi ya pili, na Shaibu akaniuliza kama nataka na ya tatu ya kuzikwa nayo. Niliporudi shuleni nilipiga lile toleo la kwanza kwa mikono yangu, nikaifungia njia zote za intaneti. Iliwaka kama siku uliyonikabidhi. Inawaka mpaka leo. Nilidhani yamekwisha.

Lakini alama zilikuwa zimechelewa kufika wilayani, na huko wakauliza sababu. Mwenyekiti wa bodi ana ndugu Likunja. Akauliza imekuwaje alama za watahiniwa zikakaa kwenye kompyuta ya mtu binafsi, na imekuwaje kompyuta hiyo ikaonekana ikipiga nyimbo kwenye shughuli ya unyago. Juzi Mkuu akaniita. Alinivutia kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Fulgensi, wewe ni mtoto wa kwetu," akasema. "Mambo ya kuandikiana barua za onyo ni ya watu wasiojuana. Mlete mjomba wako. Akae mbele ya walimu na mwenyekiti, aseme kifaa alikiunda vibaya, aombe radhi, tumalize kama watu. Mwisho wa mwezi napitisha jina lako."

"Lakini Mkuu, mashine haikuwa mbovu."

"Nani kasema ilikuwa mbovu? Nimesema aseme."

Nikamkumbusha kwamba iliharibikia Likunja. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Na mimi pale nilikuwa mjomba wa mtu," akasema. "Kila mjomba na mzigo wake."

Nilitoka nje. Nilimweleza Mwalimu Hadija nikidhani atakasirika kwa niaba yangu, maana yeye aliona yote kwa macho yake. Alikuwa anasahihisha madaftari. "Kubali tu, mdogo wangu," akasema. "Wajomba wameumbiwa kuinama. Wangu aliinama mara ngapi mpaka nikapata kazi hii." Nikamwuliza kama atasema alichokiona. Akasema ana watoto wawili, akaendelea kusahihisha.

Hapo ndipo nilipokufikiria. Ukiitwa, utakuja. Najua utavaa lile koti, utapanda gari mpaka Ruangwa kisha pikipiki kwenye vumbi lote lile, na utakaa chini mbele ya watu ambao hawawezi kubadilisha hata betri ya rimoti. Utasema mikono yako ilikosea. Utasema vizuri kuliko alivyotaka, kwa ajili ya mtoto wa dada yako. Na watakusikiliza wakitikisa vichwa, kisha Jumatatu watakuja kuchapa mitihani yao kwenye mashine hiyohiyo, kwa sababu hakuna nyingine.

Mimi ni mwoga, unanijua. Tangu utotoni nikiitwa jina kwa sauti tu, natafuta pa kujificha. Nimepanga maneno ya kumkubalia Mkuu mara nyingi kichwani, na yalikuwa maneno mazuri. Kazi hii naitaka. Nimesoma kwa ajili yake, na najua huko nyumbani mmeshawaambia watu wote kwamba nina ofisi.

Lakini leo mchana niliingia nikamwambia hutakuja. Sikusema kwa sauti kubwa, hata ikabidi nirudie. Akauliza kama wewe ndiye uliyekataa. Nikasema wewe hujui lolote, ni mimi. Akauliza kama ninaelewa maana yake. Nikasema naelewa. Akafungua droo, akaifunga, akaniambia niende nikamalizie kuchapa ratiba ya muhula, na nikaenda nikaimalizia, kwenye mashine yako.

Kwa hiyo akikupigia, usibishane naye na usimwombe chochote. Mwambie tu mpwa wako amekuandikia. Na mwezi ukiisha ukaniona nashuka na kasha la bati, usiniulize mbele ya watu. Nitakueleza tukiwa wawili.

Mama mwambie nakula, mengine umwambie wewe kwa namna utakayoona inafaa. Nisalimie mkaza mjomba, na binamu Neema aliyekufikishia barua hii, na katekista jirani yenu aliyenifundisha kusoma, na Babu mzaa mama kama bado anakumbuka majina yetu. Watoto wote wa hapo nyumbani wape mkono mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Mpwa wako anayekuheshimu,
Fulgensi