Ubao wa Amani

Uskoti, Sikukuu ya Mtakatifu Martino, 1258

Dada Hawise,

Salamu katika Bwana. Mgongo wako umeacha manung'uniko, au masista wenzako bado wanakubebea ndoo? Mimi mzima, isipokuwa tumbo, ambalo halijakubali kwamba uji wa shayiri ni chakula cha mchana.

Wenyeji wamejenga kanisa kuu, sasa wanataka na ibada ya kwetu Salisbury ndani yake, kama mtu aliyenunua farasi akakumbuka tandiko. Tandiko hilo ni mimi. Nawafundisha nani aanze zaburi na nani ainame, nao wanaiga Kilatini changu kisha wanacheka.

Mdogo wetu Wymund yupo katika kwaya yao, anaimba kunishinda. Nikiingia chumbani, anatoka. Hakuja kumzika mama, nami nikamwandikia yale maneno makali unayoyajua. Lakini kwaya imetupanga bega kwa bega, na hapa bado wana mtindo wa zamani: wakati wa amani kila mtu humbusu jirani yake shavuni, akisema, "Amani iwe nawe." Jumapili Wymund alinibusu kama anayeonja samaki wa juzi. Lakini alinibusu.

Ule ubao wa amani niliokabidhiwa Salisbury niulete huku, wa kubusu na kumpitishia mwenzako bila kugusana, uko sandukuni chini ya soksi. Nimesahau kuutoa. Unajua nilivyo msahaulifu.

Kaka yako,
Osbert

Wilton, baada ya Epifania

Kaka Osbert,

Nimefurahi kusikia tumbo tu ndilo linaloumwa. Huku theluji imetufungia, na mgongo wangu unakusalimu.

Endelea kusahau. Usimuulize Wymund kitu. Ninyi wawili mkianza kuulizana, mnamaliza kwa kutupiana viatu. Mwache abusu.

Dada yako,
Hawise

Uskoti, Sikukuu ya Mishumaa

Dada Hawise,

U hali gani? Mimi nina mafua na furaha, na sijui kipi kinanitoa machozi.

Jumapili iliyopita Wymund alisema, "Amani iwe nawe, kaka." Neno moja aliliongeza mwenyewe. Jana, tukitoka, alisema bila kunitazama kwamba Pasaka ikipita ataniambia kwa nini hakufika kumzika mama. Nikajibu, "Haya." Mimi mwenye maneno yote haya, nikajibu haya.

Tatizo ni kwamba mkuu wa kanisa ameulizia ubao. Anataka uanze kutumika Kwaresima.

Kaka yako,
Osbert

Wilton, katikati ya Kwaresima

Kaka yangu,

Natumaini mafua yameisha. Sikiliza: sema ubao umeliwa na mchwa. Sema umeibiwa. Toba ya uongo huo nitaifunga mimi kwa niaba yako. Na Jumapili ukimbusu, mbusu mara ya pili, ya kwangu.

Dada yako,
Hawise

Uskoti, juma la Pasaka

Dada yangu Hawise,

Sikuulizi hali, maana najua utakavyokuwa ukimaliza kusoma.

Barua yako ilichelewa. Nilikuwa nimeshautoa ubao. Nilitumwa kwa kazi hiyo, nikajiambia Pasaka si mbali. Shemasi alianza kwangu. Nikaubusu, nikampitishia Wymund. Aliushika, akautazama ule mti, akanitazama mimi. Akaniambia polepole, "Kumbe huu ndio mzigo uliotoka nao nyumbani." Akaubusu, akaupeleka mbele. Baada ya hapo nikiingia chumbani, akawa anatoka tena.

Homa ilimpata kabla ya Jumapili ya Matawi. Nilikaa naye. Alikuwa akiimba vipande vipande, kwa mtindo wao, si wetu. Sikumsahihisha. Hakunitambua, na la mama hakulisema.

Tulimwombea misa ya wafu. Nilisimama pale penye pengo lake nikingoja wakati wa amani, nimekusudia nitoke safuni niende kwenye jeneza, ubao au bila ubao. Nikakumbuka kwamba katika misa ya wafu amani haitolewi. Kwa hilo, Salisbury na hawa hawajawahi kutofautiana.

Lile busu lako bado ninalo, dada. Nimpe nani?

Kaka yako,
Osbert