Mtambo Unaoziba Masikio Yetu

Dada yangu mpenzi,

Soksi zimefika na zimenitosha barabara. Jino nalo limeacha kuuma. Mama mwambie nimenenepa, ila yanayofuata usimsomee.

Hapa kikosini mimi ndiye mbebaji wa mtambo wa kuvuruga mawimbi. Nikiuwasha, droni ya adui yenye bomu haimsikii tena anayeiongoza. Ubaya wake ni kwamba hata redio zetu zinakufa. Tumeomba mtambo unaoziba mawimbi ya adui peke yake, tukaambiwa tuvute subira.

Juzi tulikuwa tukirudi kupitia mtaa uliobomoka, droni ikizunguka kwa mbali, mtambo umewashwa. Kugeuka nyuma, Kinyozi hayupo. Ni yule rafiki yangu anayetunyoa sote.

"Zima nimwite," kapteni akaniambia.

"Afande, nikizima itatushukia."

"Kwa hiyo tumwache?"

Nikazima. Dada, nilijikojolea. Kapteni akaita redioni, Kinyozi akajibu kwamba mguu wake umenasa chini ya ukuta nyuma ya duka la mikate. Papo hapo mlio ukaanza kutujia. Nikawasha, droni ikayumba na kulipukia paa la jirani. Tulimchomoa akiwa hai.

Wote wananipongeza. Lakini kesho tunatoka tena na mtambo ni uleule, na sijui kama nitathubutu kuuzima mara ya pili. Asubuhi nilishindwa kufunga kamba za viatu kwa kutetemeka. Kinyozi akaja akichechemea, akainama, akanifungia.

Niombee.

Kitindamimba wenu