Mkono wa Baba Haukuwa Hewani

Al Twar, Dubai
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Mdogo wangu Zuhura,

Nakusalimu wewe na wote mlioko hapo nyumbani Muheza. Mama ameamkaje? Goti lake je? Anakula kwanza ndipo anameza dawa zake, au bado anaziteremsha kwa chai tupu? Na mwanangu Shani, lile jino la mbele limeshaota? Mimi huku ni mzima, mgongo tu na miguu, na hili joto ambalo hata upepo wake ni kama umefunua sufuria. Nashukuru Mungu.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu tunazo. Ujumbe wa sauti wewe huwa unasikiliza nusu, halafu unanijibu "sawa dada". Hii nimempa Mwanaidi, jirani yetu wa zamani anayepanga mizigo kwenye ghala kule Freezone, anakuja likizo. Utaisoma yote, na ukifika mwisho uirudie.

Ni habari ya ngoma ya Baba.

Ile video ya mazoezi uliyonitumia niliiangalia nikiwa juu ya paa naanika mashuka ya madam. Nikaona sare mpya, nikamwona Baba Mkubwa Selemani kwenye ngoma kubwa, nikakuona wewe katikati, mahali pa Baba, wanawake wanakupigia vigelegele. Mwishoni yule mtangazaji wa redio anakuuliza, na wewe unamjibu kwa utulivu kabisa: "Baba aliitunga Kuanika kutokana na kazi ya shamba la mkonge, na mimi binti yake nimeamua kuifufua." Mimi binti yake! Kama vile alizaa mmoja.

Nikakujibu kwa kidole gumba. Ukaniuliza, "Dada, mbona husemi kitu?" Nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi wakati ule, Zuhura. Nilikuwa na wivu. Nimeliandika neno lenyewe ili nisiwe nalizungukazunguka.

Baba wewe humjui. Usikasirike, ndivyo ilivyo. Alipokufa ulikuwa mgongoni kwa Mama. Mimi ndiye niliyekuwa namenya machungwa ili apate maganda, maana alitunga ngoma zake kwa maganda ya machungwa. Aliyapanga pale uani, kila ganda mchezaji mmoja, na Mama akipita na ndoo anamwambia, "Polepole, usinikanyagie watu wangu." Miguu ilipoanza kumkatalia, akawa anakaa kwenye kigoda anapiga makofi, na mimi ndiye ninayecheza. "Rehema, toka ganda hili nenda lile. Usikimbie! Umebeba nyuzi mbichi, nzito hizo. Haya, zirushe kwenye waya." Hiyo Kuanika yote ilipita kwanza kwenye miguu yangu, nikiwa na miaka saba.

Sasa nyinyi mmejifunza kwenye ule mkanda mmoja wa video wa zamani, aliouchukua mgeni wa meneja wa shamba siku Baba alipocheza mara ya mwisho. Siwalaumu, ndio uliopo. Lakini mkanda ule vichwa vya watazamaji vimefunika chini. Kwenye mzunguko wa mwisho anaonekana Baba toka kiunoni, anatembea taratibu, mkono wa kulia kaushusha pembeni, kiganja hakionekani. Na nyinyi watu kumi na wawili mnazunguka na mikono imeshuka pembeni, viganja vimefunguka juu, nyuso za huruma. Ukamwambia mtangazaji, "Hapo anaomba mvua."

Nikacheka kwa sauti peke yangu juu ya paa, na si kicheko kizuri.

Njeri akapanda kuona kuna nini. Njeri ni Mkenya wa Nakuru, ndiye mpishi hapa, tunalala chumba kimoja. Nikamwonyesha.

"Aki, huyo ni sista yako? Anakaa kama staa!"

"Wamekosea."

"Si umwambie."

"Atajijua."

Akanitoa kibanio cha nguo mdomoni. "Wewe mama, uko na wivu mbaya. Unangoja aanguke mbele ya watu ndio ufurahi?"

Nikamwambia ashuke, mchele wake unaungua. Mchele haukuwa unaungua.

Maana ni kweli nilikuwa nangoja. Wapo wazee watakaokuja siku ya onyesho ambao walikuwepo siku ile. Nilisema moyoni, acha wawaone, acha wacheke. Ndiyo maana uliponiuliza, "Dada, unakumbuka Baba alimaliziaje?" nikakujibu sikumbuki, nilikuwa mdogo. Nilikudanganya. Nakumbuka kuliko ninavyokumbuka nilichokula jana.

Mkono ule haukuwa ukiomba mvua. Chini yake nilikuwa mimi.

Baba alikuwa hawezi tena kumaliza mzunguko. Mama alimvalisha fulana mbili ndani ya shati ili watu wasione alivyokwisha. Kabla hatujatoka akainama, akaniambia, "Leo nitakuegemea kidogo. Wewe tazama mbele. Ukitazama juu watajua." Tukazunguka mara tatu. Mkono wake begani kwangu ulikuwa wa moto, homa inapenya mpaka kwenye gauni, na kila hatua anazidi kulemea. Watu wakashangilia, wakidhani ni mtindo mpya. Tulipofika kwenye benchi anahema, anacheka, akaninong'oneza, "Tumewadanganya, Rehema." Naona tumewadanganya hadi leo.

Na bado sijamaliza kukuambia. Ijumaa iliyopita nilipopiga simu, Shani akapokea. Nikamuuliza anataka zawadi gani, akasema, "Ngoja nimuulize mama." Nikajua anakuita wewe. Nikasubiri pale kwenye simu mpaka mama yake akajibu. Najua wewe ndiye unayemwogesha, unamsuka, unamkimbiza zahanati akipata homa, na mimi ndiye niliyekuomba. Mungu akulipe. Lakini siku ile niliona umechukua Baba, umechukua na mtoto, mimi nimebaki na mashuka.

Jana niko paani tena, shuka limelowa zito, nikalirusha kwenye kamba. Mkono ukaenda wenyewe, mguu ukafuata, nikajikuta nimehama ganda hadi ganda. Njeri yuko mlangoni na bakuli la vitunguu: "Sasa wewe, unaanika ama unadensi?" Huko chini madam anaita, "Rehema, yalla!" Nikashuka. Kwenye ngazi ndipo nikaona kwamba nikinyamaza, pale chini ya mkono patabaki patupu siku zote, na aliyenifuta si wewe, ni mimi mwenyewe.

Kwa hiyo sikiliza. Mikono ya wale wengine irudi kwenye waya, waendelee kuanika. Ushushe mkono wewe peke yako, kiganja kiangalie chini, na uegemee kweli, usiigize. Chini yake asimame Shani. Ana miaka saba, bega lake ndilo kimo chenyewe.

Na mtangazaji asiseme tena, kama alivyosema kwenye ile video, "aliugua kwa muda mfupi". Hakuugua muda mfupi, na pale msibani tulipowaambia watu ni kifua, tulisema uongo. Alikufa kwa ukimwi, na dawa zilipofika kwetu yeye alikwisha kuzikwa. Mama nilimuuliza kwanza. Akanijibu, "Semeni. Mimi nameza vidonge vyangu sebuleni wageni wakinitazama, nyie mtamfichia nini marehemu?" Kwa hiyo liseme wewe mwenyewe, kwa sauti ile ile ya redioni.

Wivu haujaisha, usidhani. Nikikuona katikati pale bado utanichoma. Lakini nitaangalia.

Mpe Mama shikamoo yangu, na umfunge goti kwa kitambaa cha joto. Baba Mkubwa Selemani mwambie kwenye mzunguko wa mwisho apunguze mwendo, Baba alikuwa anamwashiria kwa kidevu, atakumbuka. Msalimie na mama wa maandazi hapo jirani aliyenitunzia siri ya safari yangu ya kuja huku.

Shani mfundishe kwa maganda uani. Siku ya onyesho mwambie atazame mbele, na akihisi uzito asisogee, mimi sikusogea. Na huyo atakayechukua video, mpe kiti apande juu, ili safari hii mtoto aonekane.

Dada yako,
Rehema, mama yake Shani